Presha Si Damu Inayochemka

Mwanamume alikuwa amelala kitandani, kifua wazi, amefungwa nyaya za mashine ya kupima moyo. Mwanamke aliyesimama kando yake akinishikia nyaya hizo ndiye aliyekuwa akipata mshtuko wa moyo. Mimi, muuguzi wa miaka kumi na tisa kazini, mwanamume nilimpa mashine, na mwanamke nilikuwa nimempa tembe mbili za kutafuna za kutuliza gesi. Nilimwambia pia apunguze pilipili.

Naanza na hilo kwa makusudi. Nyinyi mnaoingia kazini sasa nawajua. Mkiambiwa mstaafu atazungumza, mnajiandaa kusikia jinsi alivyokuwa shujaa, alivyovuka mafuriko na sanduku la chanjo kichwani, halafu mnapiga makofi na kurudi kwenye simu zenu. Ushujaa waachieni wengine. Mimi nitawaeleza nilivyokosea, kwa sababu makosa yangu bado yanafanyika, na baadhi yenu mtayafanya kesho kabla ya chai ya saa nne.

Mwanamke huyo anaitwa Habiba. Garissa watu hupewa jina la utani kutokana na umbo, bila kuombwa ruhusa. Yeye ni Habiba Dheer, yaani Habiba Mrefu. Mimi ni Sista Gaaban, Sista Mfupi. Kwenye karatasi, kazi ya Habiba ilikuwa kufagia kliniki yetu na kupiga deki. Kwa kweli alikuwa ndiye mdomo wangu na masikio yangu. Mimi ni Mkamba wa Mwingi; niliwasili Garissa na Kiswahili, Kikamba na kiburi, na Kisomali changu kilikomea kwenye salamu. Kila mwanamke aliyeingia chumbani kwangu alizungumza na Habiba, na Habiba akazungumza na mimi.

Asubuhi hiyo alikuja kwangu mapema, kabla wagonjwa hawajajaa, akiegemea fagio.

"Sista, hii kifua yangu inachoma. Laabjeex," alisema. Hilo ndilo neno la Kisomali la kiungulia.

"Jana ulikula nini?"

"Nyama ya ngamia kidogo. Na baasto."

"Na pilipili kwenye hizo tambi?"

"Kidogo."

"Kidogo yako naijua."

Nikampa zile tembe. Akazitafuna, akaendelea kufagia, ila nakumbuka alikuwa akifagia akiwa ameketi. Niliona na nikadhani ni uvivu. Ndiyo, nilidhani hivyo kuhusu mtu niliyefanya naye kazi miaka yote hiyo.

Baadaye kidogo akaletwa dalali wa ng'ombe kutoka soko la mifugo. Aliletwa na watu wanne, kila mmoja akitoa amri. Alikuwa ameshika kifua na kukunja uso, na nilipomwona tu nilijua nini cha kufanya, kwa sababu alifanana na bango. Nitawaeleza habari za bango baadaye. Nilitoa mashine kabatini, nikamlaza, nikamwita Habiba anishikie nyaya. Alisimama hapo akiwa amezishika. Jasho lilikuwa likimtoka kidevuni na kudondoka.

"Huyu mama ananimwagia maji," dalali alilalamika.

Nikamwambia Habiba asogee nyuma kidogo.

Karatasi ya dalali ilitoka safi kabisa. Alipokaa wima alicheua, cheuo refu lililosikika mpaka nje, na wale watu wanne wakasema Alhamdulillah kwa pamoja. Akavaa shati, akaondoka kwa miguu yake. Nilianza kukunja nyaya. Habiba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Sista, usirudishe mashine. Nibime na mimi." P kinywani mwake mara nyingi hugeuka B.

"Nikupime nini? Wewe ni tumbo."

"Tumbo iko. Lakini hapa pia," alisema akigusa taya, kisha katikati ya mabega kwa nyuma. "Na nataka kutapika. Hata kama ni bure, bima tu. Hizi waya nimeshika miaka mingapi, sijawahi kulalia."

Nilimpima ili nimridhishe. Andikeni hilo: nilimpima ili nimridhishe. Karatasi ilipotoka niliisoma mara tatu nikitumaini kwamba nimefunga nyaya vibaya. Sikuwa nimezifunga vibaya. Nilimpa aspirini atafune, nikaita gari, nikakaa naye nyuma mpaka hospitali ya rufaa, na njia nzima alikuwa akinieleza ni mgonjwa gani wa mchana hasikii vizuri sikio la kushoto ili nisimwone mjinga.

Hakufa. Lakini sehemu ya nyama ya moyo wake ilikufa siku hiyo, na nyama ya moyo haioti tena. Daktari alisema iliyobaki itamtosha akimeza dawa zake kila siku, bila kuruka, maisha yote. Tangu hapo kati yangu na Habiba kuna jambo moja kubwa kuliko mengine yote, nalo ni hilo: ameze, kila siku, ili asiipoteze na ile iliyobaki.

Sasa lile bango. Lilikuwa ukutani kwetu kwa miaka. Lilionyesha mwanamume mnene mwenye suti na tai, ameshika kifua, macho yamemtoka. Chini yake vilichorwa vyakula vinavyofaa: samaki wa baharini, tufaha, na mboga moja ya kijani iliyofanana na kichaka, ambayo mpaka nastaafu sikuwahi kuiona katika soko la Garissa. Wanawake walilitazama wakisubiri zamu yao na wakafikia uamuzi wa haki kabisa, kwamba huu ni ugonjwa wa wenye tai. Habiba alilipangusa vumbi kila Jumatatu.

Nisiwacheke wao. Mimi niliyesomea nilikuwa na bango hilo hilo kichwani. Chuoni tulifundishwa kwamba moyo wa mwanamke unalindwa na homoni zake. Ni kweli kwa kiasi chake. Walichosahau kutuambia ni kwamba mlinzi huyo naye hustaafu, na hakuna anayeletwa kushika zamu yake. Hedhi ikikoma, mafuta mabaya kwenye damu hupanda, mishipa hukakamaa, kiuno huongezeka, presha nayo hupanda polepole bila kelele. Mwanamke aliyekuwa salama akiwa na miaka arobaini, kufikia hamsini na tano anaelekea kule kule aliko mumewe. Na moyo wake ukishikwa, mara nyingi kifua humuuma kama mwanamume, lakini mara nyingi pia hajishiki kama kwenye picha. Atasema kichefuchefu. Atasema taya, mgongo, uchovu ambao hajawahi kuuona, pumzi fupi. Atasema laabjeex. Nanyi mtampa tembe za gesi, kwa sababu zipo kwenye droo ya juu.

Habiba alirudi kazini baada ya wiki kadhaa, akiwa amekonda na akitembea kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Nilimkalisha chini. Kulikuwa na jambo lililonisumbua. Mimi mwenyewe ndiye niliyemgundua kuwa na presha alipokuwa na miaka arobaini na tisa, na mimi ndiye niliyemwanzishia dawa. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na nne. Dawa zilikwenda wapi?

"Nilimaliza," alisema.

"Ulimaliza pakiti?"

"Nilimaliza ugonjwa. Moto iliisha."

"Moto gani?"

Akaniangalia kwa huruma, vile mnavyomwangalia mzee aliyepotelewa na miwani iliyo usoni mwake.

"Sista, si ulisema niko na dhiigkar?"

"Mimi nilisema presha."

"Na bresha kwa Kisomali ni nini?"

Ni dhiigkar. Dhiig ni damu, na kar ni kuchemka. Ni neno sahihi, madaktari Wasomali wanalitumia, na halina kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, kwa kulisikia miaka kumi na tisa bila kuuliza maana yake. Mwaka ule ule nilipomwambia Habiba ana presha ndio mwaka joto la kukoma hedhi lilipomwanza. Uso ulimwaka. Aliloa jasho katikati ya sentensi. Alijipepea kwa kadi za wagonjwa. Kisha Sista Gaaban akampima mkono na kumwambia ana presha, na Habiba akajitafsiria mwenyewe kwamba damu yake inachemka. Jina la ugonjwa na alichokihisi vilikubaliana kabisa. Angetilia shaka nini?

Basi alimeza dawa kwa uaminifu miaka mitatu. Alipofika hamsini na mbili lile joto likaondoka lenyewe, kama linavyowaondoka wengi. Damu imepoa, akaona. Vidonge vilivyobaki akampa jirani yake ambaye joto lake ndio kwanza limeanza. Jirani alishukuru sana.

Hapo ndipo nilipopatwa na wasiwasi wa kikazi.

"Habiba. Hawa mama wote. Nikisema wasiache dawa maisha yao yote, wewe huwa unawaambia nini?"

"Ninasema Sista anasema umeze mbaka upone, inshallah."

"Lakini mimi sisemi mpaka apone."

"Maisha yote ni neno mbaya kwa mgonjwa. Ukimwambia mtu hivyo anatoka, harudi. Mimi nilikuwa nakusaidia."

Alikuwa akinisaidia. Kwa miaka, wanawake walikuwa wakirudi na kuniambia, kupitia kwake, kwamba wamepona, mashallah, dawa imefanya kazi, na mimi nilikuwa naandika kwenye ripoti kwamba kliniki ya presha inaendelea vizuri. Ilikuwa ikiendelea vizuri mno. Wagonjwa wangu walikuwa wanaponywa na tafsiri.

Na upande wa pili ulikuwa mbaya vile vile. Mwanamke mwenye presha ya kutisha ambaye hahisi joto lolote aliambiwa ana dhiigkar, akajigusa shavu, akalikuta la baridi, akaenda zake. Mwanamke mwenye joto la umri na presha nzuri kuliko yangu alikwenda duka la dawa, akasema damu yake inachemka, akauziwa vidonge vya presha bila kupimwa, akaanguka msalani kwa kizunguzungu. Watu walisema dawa za presha ni sumu. Walikuwa na ushahidi.

Tafsiri mpya tuliitengeneza pamoja, na nusu kubwa ya ufundi ilikuwa yake. Habiba ndiye aliyeanza kuwaambia kuna mioto miwili. Moto wa umri unapiga kelele, unakuaibisha mbele ya wageni, na siku moja huondoka. Moto wa mishipa haupigi kelele, hauoni aibu, na hauondoki. Unatulizwa kila asubuhi kwa kidonge, na ukiacha unaendelea pale ulipoachia. Mimi nikaongeza swali moja ambalo nawaachia nyinyi kama urithi. Msimuulize mwanamke kama anameza dawa. Atasema ndiyo, kwa adabu tu. Mwambieni, "Nionyeshe pakiti." Kisha hesabuni matundu yaliyo wazi.

Kuna na ufundi wa kupima, ambao mnaufanya vibaya kuliko sisi, ingawa mashine zenu zina taa. Aliyenifundisha ni afisa wa kliniki mmoja wa Modogashe, Bwana Adan, nilipokuwa mgeni kabisa kazini. Siku ya kwanza aliniona nikifunga kitambaa cha mashine juu ya mikono mitatu ya nguo, mkono wa buibui, wa shati na wa sweta, mwanamke akiwa amesimama, huku mimi na mkalimani tukibishana juu ya jina la babu yake.

"Unapima nini?" akaniuliza.

"Presha."

"Ya nani? Ya sweta?"

Akafunga mlango, akateremsha pazia, akawatoa wote isipokuwa mkalimani wa kike, na huyo akamkataza kusema. Akamwagiza mgonjwa aende msalani kwanza. Akamkalisha, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono wazi mezani usawa wa moyo, na tukakaa dakika tano tukitazamana kama mbuzi. Ndipo akapima. Presha ilishuka mpaka kwenye namba nyingine kabisa. Alikuwa pia na kitambaa kikubwa cha mashine alichokificha kwenye droo yenye kufuli, kwa ajili ya wanawake wenye mikono minene, kwa sababu kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinampa mtu presha asiyokuwa nayo. Alikificha tusikipoteze. Alipohamishwa, tulikipoteza.

Mimi mwenyewe, mwenye maarifa yote hayo, nilijipima lini? Joto langu lilianza tukiwa Ijara kwenye kambi ya chanjo. Ijara adhuhuri hakuna anayeweza kujua kama ni umri au ni Ijara. Hata gari lilikuwa likichemka. Nilijiambia ni hali ya hewa. Nilijiambia hivyo miaka minne, pamoja na mwezi wa Julai nilipokuwa nyumbani Mwingi nimevaa sweta. Habiba, ambaye tayari alikuwa ameugua, ndiye aliyefunga mlango siku moja, akateremsha pazia na kunikalisha, na kweli akaninyamazisha dakika tano. Kisha akasoma namba.

"Sista Gaaban," akasema, "bresha yako imekubita urefu."

Nameza kidonge kimoja mpaka leo. Nionyesheni pakiti zenu pia, nyinyi na mama zenu.

Habari za kuzuia sitaki kuzirefusha, kwa kuwa mmeshazisikia semina. Nami nilihudhuria moja pamoja na Habiba, katika hoteli hapa mjini. Kijana aliyetoka Nairobi alituambia kwamba mwanamke aliyefikia umri huo afanye mazoezi nusu saa kila siku, akimbie au aogelee. Habiba akainua mkono, akamwita kijana ndugu kwa Kisomali.

"Kuogelea wapi, walaal? Tana iko na mamba."

Kijana akaandika ubaoni: changamoto za mazingira. Saa saba tukaletewa pilau inayong'aa mafuta, mbuzi wa kukaanga, na soda kwa kila mtu. Yule kijana alikula mara mbili.

Ushauri wa kutembea, hata hivyo, ulikuwa wa kweli, na daktari wa Habiba alimwambia vivyo hivyo. Mama yake Habiba alitembea na ngamia maisha yake yote. Habiba ameishi mjini, na mjini mwanamke mtu mzima hutembea akiwa na sababu. Siku ya kwanza alitoka mikono mitupu, akaenda mpaka barabara ya darajani na kurudi. Alisimamishwa na watu saba wakiuliza nani amekufa. Siku ya pili mwanamke mmoja alimfuata kwa mbali asije akajidhuru. Siku ya tatu mzee wa msikitini alimwendea mumewe, akamuuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Siku ya nne Habiba alibeba jerikeni ya manjano, tupu. Mwanamke mwenye jerikeni haulizwi kitu. Aliizungusha nusu ya mji kila alasiri, akairudisha tupu kama ilivyotoka. Mwezi haujaisha walikuwa wanawake watano, wote wamepita umri wa kuzaa, wote na jerikeni tupu, wakipiga hatua kabla ya magharibi. Wanaume waliokaa barazani wakaanza kusikitika jinsi shida ya maji ilivyozidi upande ule. Mmoja alikwenda kwa chifu, na chifu akaahidi lori la maji. Hakuna mwanamke aliyemsahihisha.

Sukari ilikuwa vita nyingine. Habiba alikuwa akiweka vijiko vitano kwenye kikombe kimoja cha chai ya maziwa, na vikombe havikuwa viwili kwa siku.

"Chai bila sukari ni dawa," aliniambia, "na dawa tayari ninazo."

Ilichukua nusu mwaka kufika vijiko viwili. Pale akasimama na hajasogea. Nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa ikahifadhiwa ndani ya samli, tulikubaliana aile wageni wakija. Baada ya hapo wageni waliongezeka sana nyumbani kwake.

Jambo dogo zaidi, kwa walio na masikio. Mkitaka kujua kama kiuno cha mwanamke kimeongezeka, msikimbilie futi ya kupimia, atakasirika. Muulizeni kama kamba ya gaguro lake, ile sketi ya ndani, imefupika. Atacheka na atawaambia ukweli. Na muulizeni mimba zake, hata kama mjukuu wake anaolewa kesho. Aliyepata presha au kifafa cha mimba akiwa na miaka ishirini, moyo wake haukusahau. Aliyekoma hedhi kabla ya arobaini na tano, mlinzi wake aliondoka mapema. Hayo nilianza kuuliza nikiwa nimebakiza miaka sita tu ya kazi. Hayahitaji mashine yoyote.

Na Ramadhani msiwatishe. Kuna wanawake waliongoja miaka thelathini na mitano kufunga mwezi mzima bila siku za hedhi za kulipa, na mwaka wanaoupata ndio mwaka nyinyi mnawaambia wasifunge kwa sababu ya dawa. Hawatabishana nanyi. Wataacha dawa. Kaeni na daktari mapema, kabla mwezi haujaandama, mpange dawa gani ya futari na gani ya daku, na nani kwa kweli hafai kufunga. Mwaka wa kwanza baada ya kuugua Habiba aliambiwa asifunge. Alilia kuliko alivyolia siku ya mshtuko. Mwaka uliofuata daktari alimpangia, akafunga siku zote, na aliniletea sambusa kwa wiki nzima kunionyesha kwamba yu hai. Mafuta yake sikuyataja.

Nimestaafu sasa na nimebaki Garissa. Habiba pia ameacha kazi. Kila asubuhi baada ya chai alikuwa akinipigia simu na kusema neno moja, "Nimemeza," kisha tunazungumza mengine.

Mwezi uliopita bintiye Fardosa alijifungua mtoto wa kwanza. Fardosa ameolewa Tarbaj. Kwa Wasomali mzazi hukaa ndani siku arobaini, wanaziita afartan, na mama yake hukaa naye kumpikia, kumkanda na kumlinda na wageni. Mama anayeondoka kabla ya siku hizo kwisha atasemwa mpaka mjukuu aote ndevu. Kliniki nayo hutoa dawa za siku thelathini. Siku ya kuondoka nilimwambia ahesabu.

"Thelathini na arobaini," nikasema. "Zile kumi utameza nini?"

"Nitaruka, Sista. Leo nameza, kesho napumzika. Zitafika."

"Moyo wako hautapumzika hiyo kesho."

"Wewe ukijifungua watu walikuacha siku ya thelathini?"

Tuliachana akiwa ameapa kwamba atameza kila siku mpaka ziishe, na mimi nimeapa kwamba za siku kumi zitamfikia kabla hazijaisha. Nilikwenda kliniki, nikaeleza, wakanielewa, wakanipa. Nikazifunga kwenye karatasi, nikaandika jina lake na la Fardosa, nikamkabidhi dereva wa basi la Wajir siku ya ishirini na tatu tangu aondoke.

Dereva anasema kifurushi kilipokewa Wajir na mwenzake anayekwenda Tarbaj. Mwenzake anasema alikiacha kwa mwenye duka la simu karibu na soko, kwa sababu nyumba ya Fardosa hakuifahamu. Fardosa anasema ametuma mtu mara mbili na duka lilikuwa limefungwa. Habiba mwenyewe nilizungumza naye siku ya ishirini na tisa. Nilimuuliza pakiti imebaki na vidonge vingapi. Akanijibu kwamba mtoto ni mrefu, kichwa kinagusa ukingo wa beseni la kuogea.

Nilimuuliza tena. Akasema kuna wageni mlangoni.

Leo ni siku ya thelathini na nne. Nimepata namba ya mwenye duka. Inaita.